Mkono wa Kushoto wa Konsatina

Wanaopita mbele ya chumba cha klabu Jumatano jioni wameuliza vya kutosha, kwa hiyo toleo hili tunajibu. Kile kinacholia mle ndani si kodiani ndogo, si kinanda cha watoto, wala si simu ya mtu. Ni konsatina, ya aina iitwayo Anglo, na makala haya yanahusu nusu yake moja tu, yaani mkono wa kushoto, ambako besi hukaa.

Sababu ya kushughulikia nusu moja ni hii. Kikundi cha ngoma ya Morris cha mji wetu kina mpigaji mmoja tu, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye sisi kwa sisi tunamwita Babu, na mwenyewe amelipokea jina hilo kwa furaha. Baridi yabisi imemshika vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho. Mkono wa kulia bado ni mzima na mahadhi yote anayapiga kama zamani. Kilichopotea ni besi. Wachezaji wanasema wakiruka hawajui ardhi iko wapi. Tarehe 1 Mei wanatakiwa kutoka alfajiri kama kila mwaka, na wasipopata mtu watacheza kwa spika, jambo ambalo Babu ameapa hatatoka kitandani kulishuhudia. Basi wanne kati yetu tumeazimwa konsatina yake ya pili, na tangu Januari tunajifunza kile ambacho vidole vyake viwili vilikuwa vinakijua.

Kwa wasioifahamu: konsatina ni sanduku dogo la pembe sita lililokatwa katikati, na kati ya nusu hizo mbili kuna mvukuto wa ngozi na kadibodi, kama ule wa mhunzi lakini uliokunjwa mikunjo mikunjo. Kila ubavu una vitufe. Ukibonyeza kitufe na kusukuma au kuvuta, hewa hupita kwenye kijilimi cha chuma nacho hulia. Mwaka 1834 Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, Ujerumani, alitengeneza konsatina yake, na ya Charles Wheatstone ilikuwa ikitengenezwa London karibu na wakati huohuo kwa mpango mwingine kabisa wa vitufe. Waingereza walipoichukua ile ya Kijerumani na kuiongezea safu ya tatu ya vitufe wakaiita ya Kiingereza na Kijerumani, na baadaye likabaki jina la Anglo peke yake. Ya kawaida ina vitufe 30, yaani safu 3 za vitufe 5 kila upande.

Sasa tabia yake. Katika Anglo kitufe kimoja kina sauti mbili: moja ukisukuma, nyingine ukivuta. Aliyewahi kupuliza kinanda cha mdomo anaelewa mara moja. Kwenye safu ya kati, ambayo katika konsatina yetu ni ya C, ukisukuma unapata do, mi na so. Ukivuta unapata re, fa, la na ti. Kwa hiyo kupiga ngazi moja tu ya do-re-mi ni kusukuma, kuvuta, kusukuma, kuvuta, na mkono unakwenda mbele na nyuma kama mtu anayepepea jiko. Hapo ndipo inapotoka ile sauti ya kurukaruka ambayo wachezaji wa ngoma wanaipenda.

Na hapo ndipo penye tatizo la besi. Kwenye piano mkono wa kulia unafanya yake na wa kushoto yake. Kwenye Anglo mikono yote miwili inashiriki mvukuto mmoja. Mahadhi yakitaka kuvuta, besi nayo inavutwa, itake isitake. Huulizi "besi gani inafaa hapa?" Unauliza "besi gani ipo hapa?" Ni kama mke na mume wanaokwenda sokoni kwa baiskeli moja.

Mwanzoni jambo hili lilituudhi. Wawili wetu wamelelewa kwenye kwaya za makanisa ya Waswahili hapa Uingereza, na huko kila mtu anajua sauti ya nne ina njia yake, tena wazee wa besi hawapangiwi na soprano. (Walimu wetu wa lugha walituambia tuandike "sauti nzito" badala ya "besi". Tulipiga kura, wanakwaya wakashinda.) Lakini ukitazama jinsi vitufe vilivyopangwa unaanza kuona akili iliyomo. Chukua kitufe cha mwisho kabisa cha safu ya kati, upande wa kushoto, kinachoshikwa na kidole cha mwisho. Ukisukuma kinatoa C ya chini, sauti nzito kuliko zote katika konsatina hii. Ukivuta kinatoa G iliyo juu yake. Yaani ukisukuma unapata do, ukivuta unapata so. Mwanakwaya yeyote atakwambia kwamba kwa do na so peke yake unaweza kubeba robo tatu ya nyimbo za duniani. Kidole kimoja, kitufe kimoja, na mahadhi yenyewe yanachagua: yakikaa kwenye do, mi au so unasukuma na mguu wa do uko tayari chini yake, yakienda re au ti unavuta na mguu wa so umekwishafika. Aliyepanga hivyo hakukusudia kututesa.

Juu ya kitufe hicho, kwenye safu ya tatu, kipo kingine cha kidole hichohicho: E ya chini ukisukuma, F ya chini ukivuta. Chini yake, kwenye safu ya G, kuna cha tatu: B ukisukuma, A ukivuta. Kidole cha pete nacho kina G na B kwenye safu ya kati, A na B bapa juu, D na F kali chini. Hesabu mwenyewe: karibu besi yote ya konsatina imebebwa na vidole viwili vilivyo dhaifu kuliko vyote, na ndivyo hivyo viwili ambavyo Babu vimemkatalia. Kidole cha shahada na cha kati, vyenye nguvu, vinakaa kwenye sauti za juu zaidi.

Do na so zikishazoeleka inabaki fa, na fa ina hadithi yake. Katika vitufe vyote 30 hakuna F hata moja inayopatikana kwa kusukuma. Zote ni za kuvuta. Mahadhi yakiwa kwenye la au kwenye fa hakuna shida, kwa sababu sauti hizo nazo ni za kuvuta. Lakini mara nyingi mahadhi hukaa kwenye do huku sikio linalilia fa chini yake. Waimbaji wa tenzi za ibada wanalijua pumziko hilo, lile la karibu na "Amina". Do ya kawaida iko mkono wa kulia, kwa kusukuma. Ukisukuma, F haipo. Ufanyeje?

Babu alituonyesha njia. Do ileile, yaani C ya katikati ya mahadhi, imejificha pia upande wa kushoto, kwenye safu ya G, kitufe cha nne kutoka nje, na pale inapatikana kwa kuvuta. Kidole cha shahada kinaishika do huko, kidole cha mwisho kinashika F ya chini, unavuta, na zote mbili zinatoka pamoja kama ndugu waliopotezana. Mahadhi hayakubadilika hata kidogo. Msikilizaji hajui kwamba sauti imehama mkono. Wewe ndiye unayejua, maana imekuchukua wiki tatu.

Hii ndiyo kazi yenyewe ya kutia besi kwenye Anglo, na tunadhani ndiyo raha yake pia. Besi haiongezwi juu ya mahadhi uliyokwisha kujifunza. Inakulazimu ujifunze mahadhi upya, kwa vitufe vingine, ili upande wa mvukuto ukubaliane na mguu unaoutaka. Kila sauti yenye makazi mawili, moja ya kusukuma na moja ya kuvuta, ni mlango. G unayo kwa pande zote mbili, A pia, B pia, D pia. C ya chini ni ya kusukuma tu. F ni ya kuvuta tu, na F kali vilevile. Baada ya muda unaijua ramani hiyo kama unavyojua ni duka gani mtaani linauza unga wa sembe na lipi lina unga wa ugali wa njano peke yake.

Ukitaka besi itembee, yaani ipande hatua kwa hatua badala ya kuruka, ramani inazidi kuwa ya ajabu. Kwa kusukuma unaweza kupanda G, A, B, C bila kugeuza mvukuto, ingawa vidole vinaruka safu tatu kufanya hivyo. Kwa kuvuta unapata G, A, B, halafu ngazi inakosa kipandio kimoja: C hakuna, unatua kwenye D. Mwenzetu mmoja anayesoma uhandisi alitengeneza jedwali zuri la rangi mbili kuonyesha haya yote. Babu alilitazama, akalisifu, akaliweka chini ya kikombe chake cha chai. Tulifundishwa kwa kuimba: mmoja anaimba besi kwa do-re-mi, mwingine anatafuta kwa vidole, na ikikosekana tunaimba nyingine.

Kuna pengo moja ambalo haliimbiki. Nyimbo nyingi za Morris hupigwa katika G, na katika G ile so inayorudisha kila kitu nyumbani ni D. Konsatina ya vitufe 30 kama yetu haina D ya chini. Iliyopo ni ya juu zaidi, katikati ya mkono wa kushoto, nayo ni nyembamba mno kuwa mguu. Konsatina kubwa za vitufe 38 au 40 huweza kuwa nayo, lakini zile nzuri za kale zinauzwa kwa maelfu ya pauni, na sisi ni wanafunzi. Kwa hiyo watu hufanya hila. Wengine huweka A ya chini badala ya D, kwa kuwa A ni mwenza wake. Wengine hukaa kwenye F kali na A kwa pamoja na kumwachia msikilizaji aijaze D kichwani. Ukilazimika kusukuma hali huwa ngumu zaidi, maana F kali ni ya kuvuta tu. Unabaki na D na A, mifupa mitupu. Sisi tumeanza kuipenda ile mifupa. Ina ukali fulani wa asubuhi ya baridi.

Hapa tumefika kwenye mabishano yaliyoigawa klabu, na ni haki tuseme tuko upande gani. Upande mmoja unasema besi ni somo la kordi, yaani sauti tatu zilizoshikana, na kila pigo listahili kordi yake kamili. Upande wetu unasema besi ni miguu. Ushahidi wetu hautoki Uingereza. Unatoka Unguja, kwenye kidumbak, ile ndugu ya taarabu inayopigwa harusini: fidla, ngoma mbili ndogo, mkwasa, cherewa, na sanduku. Sanduku ni besi iliyotengenezwa kwa sanduku la chai, mti na uzi mmoja. Uzi mmoja! Mpigaji anaukaza na kuulegeza kwa mti, na sauti anazotoa hazilingani sawasawa na ngazi yoyote. Anapiga chache, nzito, mahali pake, na watu wanacheza mpaka alfajiri. Katika taarabu ya vikundi vikubwa, ambako kodiani imekuwapo miaka mingi, uzito wa chini huachiwa besi kubwa ya nyuzi, ile inayopigwa kwa kusimama. Hakuna anayemdai mpiga kodiani afanye kila kitu.

Mmoja wetu, ambaye mama yake ni mtu wa Ng'ambo, alimwekea Babu rekodi ya kidumbak. Babu alisikiliza nusu ya wimbo bila kusema kitu, akainamisha kichwa, halafu kwa mguu wake wa kushoto akaanza kulifuata sanduku. Si ngoma, si fidla. Sanduku. Akatuambia kwamba huyo bwana anaelewa kazi.

Tulimwelewa vizuri zaidi tulipokwenda kuwatazama wachezaji wenyewe. Morris huchezwa na watu sita kwa kawaida, wenye njuga miguuni (njuga hasa, zimefungwa kwenye miundi kama zetu), na leso au fimbo mikononi. Ile ya fimbo ingemfurahisha mtu wa Lamu anayejua kirumbizi. Katika ngoma nyingine kuna sehemu ambapo wanaruka juu mmoja mmoja au wote, kwa nguvu, na mahadhi hupunguzwa mwendo makusudi ili mruko upate nafasi. Mpigaji asiyewatazama akipiga kwa kipimo cha mashine, mchezaji anatua baada ya besi, na anaonekana kama aliyekosea yeye. Kazi ya mkono wa kushoto pale ni kungoja. Mahadhi yananing'inia juu, besi imenyamaza, miguu iko hewani. Inapogusa lami, ndipo C ya chini inapolia. Mchezaji mmoja, nesi kwa kazi, alituambia kwamba Babu alipokuwa mzima alikuwa anajisikia kama amewekewa godoro.

Tena vijilimi vya sauti za chini ni vikubwa na vizito, na vinachelewa kidogo kuamka kuliko vya juu. Ukivibonyeza pamoja na mahadhi, vinasikika vimechelewa. Inabidi kidole cha mwisho kitangulie, kwa kiasi kisichopimika ila kwa sikio. Kidole kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotakiwa kuwa cha kwanza. Tumekaa Jumatano tatu kwenye jambo hilo moja, na majirani wa chumba cha pili wanalijua.

Mtu ambaye kila mpiga Anglo wa Morris humrudia ni William Kimber, aliyezaliwa mwaka 1872 na kufariki mwaka 1961, fundi wa kujenga kwa matofali kutoka Headington Quarry karibu na Oxford. Tarehe 26 Desemba 1899 Kimber na wenzake walitoka kucheza nje ya msimu, kwa sababu baridi kali ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi na walihitaji pesa. Walifika kwenye nyumba alimokuwa anakaa mwalimu wa muziki aitwaye Cecil Sharp. Sharp alisikia, kesho yake akamwita Kimber, akaandika mahadhi yake. Mengi ya yaliyofuata katika ufufuaji wa ngoma za Kiingereza yanaanzia uani pale. Sharp alichapisha mahadhi hayo yakiwa na sehemu ya piano, na besi za piano ni nzuri, laini, za sebuleni. Za Kimber zilikuwa nyingine. Alirekodiwa akiwa mtu mzima na mzee, kwa hiyo tunaweza kumsikia, na Mmarekani Dan Worrall alinakili upigaji wake noti kwa noti katika kitabu cha mwaka 2005. Mahadhi yako kulia. Kushoto ni kordi fupi fupi zinazokatwa upesi, si kamba ndefu ya sauti. Mahali pengine kordi inashangaza, siyo ile ambayo kitabu cha muziki kingeichagua, na ukishika konsatina mkononi unaona sababu: mvukuto ulikuwa unakwenda upande ule. Sharp angeweza kuirekebisha mezani. Kimber alikuwa na watu hewani.

Tunapenda sana neno hilo "kukata". Ndilo somo tulilochelewa kulielewa kuliko F na D zote. Tulifikiri ugumu wa besi ni kuibonyeza; ugumu ni kuiachia. C ya chini ikiachwa ilie pigo zima inameza mahadhi, maana ubavu wa kushoto una sauti kubwa kwa asili yake. Wengine hutia kipande cha ngozi au kadibodi ndani ya ubavu huo ili kuutuliza. Babu hataki. Anasema kidole ndicho kipunguza sauti: gusa, ondoka. Kwa nyimbo za mwendo wa mbilimbili sisi husema "dum-cha, dum-cha", dum ikiwa sauti moja ya chini na cha ikiwa mbili za juu yake. Kwa zile za tatutatu tunasema "dum-a-cha". Na kila "cha" tunaipunguza mpaka ibaki kama mtu anayefunga mlango asiwaamshe watoto.

Kuna na suala la pumzi. Sauti nzito zinakula hewa nyingi kuliko nyembamba. Mvukuto una mikunjo michache tu, na ukiweka besi kwenye kila pigo la sentensi ndefu ya kuvuta, mikono inafika mwisho wa urefu wake kabla sentensi haijaisha. Kidole gumba cha kulia kina kitufe chake cha kuachia hewa bila sauti, na mpigaji mzuri hupumua kwa kitufe hicho kama muimbaji, katikati ya maneno. Lakini dawa ya kwanza ni kupunguza. Katika wimbo wetu wa kwanza wa Mei tulikuwa na besi 32 katika mzunguko mmoja. Sasa zimebaki 19. Mhandisi wetu analalamika kwamba jedwali lake limekuwa na matundu. Wachezaji hawajalalamika.

Mahali pengine besi haina budi kunyamaza kabisa, hata ungependa. Sauti ya chini kuliko zote za mkono wa kulia ni B, inayopakana na ile C ya mahadhi. Mahadhi yakishuka chini ya hapo yanahamia mkono wa kushoto na kuiba vidole. Unabaki na kimoja au viwili vya besi, au hakuna. Waairishi, ambao Anglo ni chombo chao kikubwa pia, wametatua hilo kwa kuipa mahadhi mikono yote miwili na kugusa kordi hapa na pale tu. Wazulu nao waliichukua konsatina, wafanyakazi wakaipiga wakitembea, na walipoona ngazi ya kiwandani haiwafai waliifungua na kuvipanga upya vijilimi. Hilo la mwisho tunalitazama kwa wivu. Konsatina ni ya kuazima, hatuthubutu kuleta bisibisi.

Baadhi yenu mmetuuliza, tena wazazi wetu wamekuwa wa kwanza, vijana wa Kiswahili wanatafuta nini kwenye Morris, hasa kwa kuwa mmeziona picha za vikundi vilivyojipaka uso mweusi. Ni swali la haki. Vikundi hivyo vilikuwapo. Julai 2020 jumuiya tatu kubwa za Morris zilitangaza kwa pamoja kwamba kujipaka kote uso rangi nyeusi kukome. Tuliuliza siku ya kwanza, kabla ya kugusa kitufe. Kikundi cha mji wetu hakina mila hiyo, na tulijibiwa bila kuzungushwa. Mama wa mmoja wetu alikuja kutazama mazoezi akiwa amekunja uso, akaondoka akiuliza njuga zile zinanunuliwa wapi.

Hali ya sasa ni hii. Tuna nyimbo sita tayari, nne katika G na mbili katika C. Katika zile za C besi imesimama vizuri. Katika za G tumekubaliana kuweka A mahali pa D ya chini, isipokuwa mwisho wa wimbo wa fimbo, ambapo Babu na sisi hatujaafikiana bado. Yeye anataka pale pasiwe na besi kabisa, fimbo zenyewe zigongane mahali pa D. Wawili wetu wanataka mifupa, D na A. Tutajaribu vyote viwili Jumatano ijayo wachezaji wakiwapo, na miguu yao ndiyo itakayoamua.

Atakayepiga tarehe 1 Mei ni mwenzetu mmoja tu, maana konsatina haishikwi na watu wawili, ingawa tulishajaribu: Babu kulia, mmoja wetu kushoto, mvukuto katikati kama mtoto anayegombaniwa. Ilichukua sekunde kumi hivi kabla ya wote kucheka. Kwa hiyo Babu atasimama kando na konsatina yake ya kwanza, atapiga mahadhi kwa mkono wa kulia, na mwenzetu atapiga mahadhi na besi pamoja naye. Mkutano ni mbele ya soko la zamani, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Vaeni makoti. Kuna chai ya maziwa, ya tangawizi, tutakayoileta sisi kwenye chupa.